Kifutio

Kaseti yetu ilikuwa ya njano kama bizari,
usoni imeandikwa: michezo mia tisa tisini na tisa.
Uongo mtupu. Michezo ilikuwa minane,
iliyobaki ni ile ile, imebadilishwa majina
kama mdaiwa anavyohama mitaa.

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la majora.
Agosti ya Maskati: bomba la maji baridi
linatoa maji ya chai.
Mimi na Ghasani, magoti busatini,
tunasukuma kifaru cha miraba kumi na miwili
kwenye kuta za miraba.
Kaseti ikigoma, tunaipuliza.
Unaichomoa, unaiweka mdomoni kama zumari,
unavuta pumzi hadi kitovuni, bismillahi, fuu!
Bibi Shinuna, aliyetoka Unguja na Kiswahili chake
na hakukivua hata mbele ya karani wa benki,
akipita na kikombe cha kahawa:
"Mgonjwa gani huyo, kutwa mnamzingua?"

Na mgonjwa alikuwa akipona,
hadi siku Ghasani alipochomeka waya wa redio ya baba,
chanya mahali pa hasi.
Ikatoka harufu ya kitana kilichosahauliwa juu ya moto.
Yeye akakumbuka kuwa ana mpira.
Mimi nikabaki na mfuko wa plastiki
na lawama ndani yake.

Nyuma ya kituo cha mabasi palikuwa na chumba kama kabati,
na ndani yake Varghese, mtu wa Kerala,
kalamu mbili, moja kila sikio.
Kiarabu chake kibovu,
changu cha nyumba ya Waswahili, kibovu zaidi;
tulisemezana kwa vidole.
Alitoa kidude cha miguu mitatu, kimeungua tumbo,
akatia kingine.
Miguu miwili alilehemu yeye.
Wa tatu, akanikabidhi chuma.

Taa ikawaka. Televisheni ikabaki kijivu.
Akaichomoa kaseti, akaielekeza kwenye mwanga:
meno ya shaba yameota ukoga, kijani.
"Hii," alisema, akagusa midomo yake.
"Hii, maji."

Pumzi. Kumbe likizo nzima
tulikuwa tukimwombea mgonjwa huku tukimlisha kutu.
Alichukua kifutio cha shule, akasugua taratibu
kama anayefuta hesabu aliyokosea mtoto.
Kifaru kikatokea.

Nilirudi Alhamisi. Nikarudi Alhamisi nyingine.
Sikufukuzwa; nikahesabu kuwa huo ndio mwaliko.
Nilijifunza kuwa risasi haifuati chuma, inafuata joto.
Nilijifunza kwa kidole hiki, tazama.
Rangi za rezista nilizihifadhi kwa kabati la Bibi:
pilipili manga sifuri, mdalasini moja,
pilipili ya kusaga mbili, zafarani tatu,
bizari nne, iliki tano.
Sita ni buluu. Buluu haina kiungo,
nikaweka kanga yake ya kulalia.
Saba sikuipatia chochote. Miaka miwili
nilikutana nayo nikibahatisha.

Bibi alikuja kujua siku redio yake ilipopata sauti.
Aliisikiliza hadi taarifa ya habari ikaisha, akasema,
"Haya. Sasa nenda kwenye pasi."

Varghese aliondoka bila kuaga,
au aliaga kwa Kimalayalam nikadhani ni salamu.
Pale leo wanauza makava ya simu.
Ghasani yuko Sohar, ana wana wanne,
na anaapa waya ule niliuchomeka mimi.

Kiboksi kiko kwangu.
Mara moja moja nakipindua, nafungua skrubu tano,
naitazama ile miguu mitatu:
miwili yake, inang'aa kama shanga.
Wa tatu wangu, mavi ya mjusi.
Umeme unapita hapo hapo.